Tarehe Ukutani: Mstari wa Nyakati na Mtoto wa Feri

Penye kona za Feri, pale abiria wa Kigamboni wanapomwagika kutoka katika pantoni na kukutana na wachukuzi wa samaki wanaotoka mnadani, wachuuzi wa barabarani hutundika chati za ukutani kwa vibanio vya nguo. Kuna chati ya alfabeti, ya wanyama wa porini, ya viungo vya mwili, ya ramani ya mikoa. Na aghalabu kuna moja ya historia, yenye picha za marais juu na orodha ya miaka chini. Mzazi anayekwenda nyumbani jioni huinunua, huibandika sebuleni kwa gundi, na tangu siku hiyo mtoto hula chakula chake cha usiku mbele ya karne ishirini za nchi yake. Karatasi hiyo husomwa kuliko diwani nyingi zinazohakikiwa katika kurasa kama hizi, na kwa hiyo yafaa nayo isomwe kwa jicho lile lile linalosomea diwani: imechagua nini, imeacha nini, na inakwenda kwa mizani gani.

Lugha yenyewe ina la kusema kabla ya chati. Neno tarehe, ambalo leo limebaki kuwa siku ya mwezi juu ya barua na cheti cha kuzaliwa, zamani lilibeba pia habari za kale. Kitabu cha tarehe kilikuwa kitabu cha historia. Waliolitia neno hilo katika Kiswahili hawakutenga siku na kisa chake. Siku bila kisa ilikuwa hesabu tupu, na kisa bila siku kilikuwa hadithi ya kulalia. Baadaye likaja neno historia kwa njia ya skuli, likachukua visa, na tarehe ikaachiwa namba. Mtu akiitazama chati ya Feri ataona kwamba ni tarehe kwa maana hii ya pili, iliyokonda.

Mpangilio wa kawaida wa chati hizo hauhitaji kumtaja mchapaji, kwa sababu hutofautiana kidogo sana. Huanza na Zinjanthropus wa Olduvai, umri miaka 1,750,000. Hufuata Wareno, 1498. Halafu Seyyid Said na Zanzibar, ambapo wengine huandika 1832 na wengine 1840. Mkutano wa Berlin, 1884 hadi 1885. Maji Maji, 1905 hadi 1907. TANU, 1954. Uhuru, 1961. Mapinduzi na Muungano, 1964. Azimio la Arusha, 1967. CCM, 1977. Vyama vingi, 1992. Kila tukio limepewa nafasi sawa, kidole kimoja hivi, na kati ya tukio na tukio pana nafasi sawa pia.

Kosa la kwanza ni la mizani, na mtu wa mashairi ndiye wa kwanza kulihisi. Nafasi ya kidole kimoja kati ya Zinjanthropus na Wareno imebeba miaka milioni moja na laki saba unusu, na nafasi ile ile kati ya 1961 na 1964 imebeba miaka mitatu. Mshororo mmoja una mizani nane na unaofuata una mizani elfu themanini, na msomaji anaambiwa shairi limetulia. Na tufanye hesabu ya haki. Kila miaka kumi ipewe sentimita moja. Miaka tangu uhuru wa Tanganyika itatoshea katika sentimita sita na kitu, urefu wa kidole cha shahada. Ziara ya Ibn Battuta huko Kilwa, mwaka 1331, itakuwa umbali wa sentimita sabini hivi. Miaka elfu moja ya pwani hii, pamoja na misikiti yake yote, tenzi zake zote na vita vyake vyote, itaenea katika mita moja, upana wa dirisha. Lakini kumfikia Zinjanthropus itambidi mtoto atoke nje ya nyumba, na kama anaanzia kwenye pantoni atembee kilomita moja na robo tatu, karibu afike Mnazi Mmoja. Mtoto aliyetembezwa njia hiyo mara moja, mkono mmoja umeshika sentimita zake sita na mguu umechoka kwa zile nyingine, amefunzwa jambo ambalo chati iliyochapwa haiwezi kumfunza hata ikibandikwa ukutani miaka kumi.

Inafaa kukumbuka kwamba mstari huu wa nyakati, unaoonekana kama ni jambo la maumbile, si wa zamani sana. Mwingereza Joseph Priestley, ambaye alikuwa mwalimu kabla ya kusifika kwa kemia, alichapa mwaka 1765 chati ya maisha ya watu mashuhuri wapatao elfu mbili, kila mmoja na kistari chake, kirefu kwa aliyeishi sana na kifupi kwa aliyekufa mapema. Tangu hapo ulimwengu umezoea kuuona wakati kama kamba iliyonyooshwa kutoka kushoto kwenda kulia. Lakini Priestley alikuwa na adabu moja ambayo wafuasi wake wengi wameiacha. Pale asipokuwa na hakika ya mwaka wa kuzaliwa au wa kufa, alitia vitone badala ya mstari mzito. Kutojua kwake alikuchapa hadharani pamoja na kujua kwake. Chati za mitaani hazina vitone. Kila kitu ndani yake kina wino sawa.

Na hapa ndipo historia ya pwani inapoikataa chati. Chukua habari za Kilwa. Tarehe ya Kilwa ilitungwa mapema katika karne ya 16, baada ya Wareno kuuvamia mji mwaka 1505, na imetufikia kwa njia mbili: muhtasari wa Kireno katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyonakiliwa Zanzibar katika karne ya 19, ambayo leo imehifadhiwa London. Njia hizo mbili hazikubaliani juu ya mfuatano wa masultani. Mwanzilishi, Ali bin al-Hasan, kwa hesabu ya miaka iliyomo humo huangukia karne ya 10. Akaja mwanaakiolojia Neville Chittick, akachimba Kilwa katika miaka ya 1960, akapima tabaka za udongo na sarafu za shaba zilizokuwamo, akaamua kwamba Ali huyo aliishi karibu na mwaka 1200. Vitabu vya skuli vikafuata. Kisha mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, likafukuliwa fungu la sarafu ndogo za fedha zaidi ya elfu mbili, na miongoni mwake zilikuwamo zenye jina la Ali bin al-Hasan, zimelala pamoja na dinari za Kifatimi za karne ya 11. Wataalamu wengi wakamrudisha Ali nyuma zaidi ya miaka mia. Mtu amekufa siku nyingi, naye bado anahama karne kwa karne kwa sababu jembe limegonga kitu mchangani.

Wapenzi wa mashairi wana sababu ya ziada ya kuzipenda sarafu hizo. Hazina mwaka. Sarafu za Baghdad na za Misri zilitiwa mwaka na mji. Sarafu za Kilwa zilitiwa kina. Upande mmoja kuna jina la sultani, na upande wa pili kuna sifa ya kumtegemea Mungu iliyochaguliwa ili mwisho wake ulingane na mwisho wa jina. Ukiigeuza sarafu kidoleni umesoma beti ya mishororo miwili. Aliyeagiza sarafu hizo alikuwa na nafasi ndogo kuliko ukucha, na katika nafasi hiyo akaona kina ni muhimu kuliko mwaka. Wanahistoria wamelipia uamuzi huo kwa mabishano ya miaka mingi. Hata hivyo, nani angethubutu kusema sultani alikosea?

Mtunzi wa chati atafanya nini na Ali bin al-Hasan? Wengi hufanya jambo jepesi: humwacha, kwa kuwa hana mwaka wa kuaminika, na kwa kumwacha yeye huacha pwani nzima kabla ya 1498. Hivyo mtoto wa Feri hufahamishwa kwamba kati ya fuvu la Olduvai na merikebu ya Vasco da Gama hapakuwa na kitu. Ilhali Kizimkazi, safari ya saa moja tu kutoka bandari ya Unguja, kuna maandishi ya Kikufi katika ukuta wa kibla yenye tarehe kamili ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Huo ni mwaka usio na shaka, uliochongwa katika jiwe, na ni mkongwe kuliko mwaka wa Wareno kwa karne nne. Kuuacha kwa kisingizio cha kukosa hakika hakuwezekani. Umeachwa kwa kutotazamwa.

Mwaka huo wa Kizimkazi unafungua mlango wa jambo jingine, la kutafsiri miaka. Yeyote aliyewahi kutafsiri shairi anajua kwamba neno moja la lugha hii mara nyingine huhitaji nusu ya neno hili na nusu ya lile katika lugha ya pili. Miaka nayo iko hivyo. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kumi na moja hivi, na miaka 33 ya Hijria hukaribia miaka 32 ya Miladia. Hemedi bin Abdallah el Buhriy wa pwani ya Tanga alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, na kitabu kilipochapwa, jina lake lilibeba mwaka 1307 wa Hijria. Chati itaandika nini hapo? Mwaka 1307 ulianza mwishoni mwa Agosti 1889 na kwisha katikati ya Agosti 1890. Hauingii katika kisanduku kimoja cha Miladia. Mtunzi wa chati mwenye haraka ataandika 1889 na kupita.

Lakini msomaji ayatazame yaliyomo ndani ya mwaka huo mmoja wa 1307. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Disemba 1889. Bwana Heri wa Saadani alisalimu amri Aprili 1890. Na tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mapatano yaliyoiweka Zanzibar chini ya ulinzi wa Uingereza, na kisiwa kidogo cha Heligoland katika bahari ya kaskazini kikapewa Wajerumani. Kwa hesabu ya Miladia mambo haya yamegawanyika katika miaka miwili, na katika chati za Bara yamegawanyika hata katika safu mbili: la Bushiri liko chini ya Tanganyika, la mapatano liko chini ya Zanzibar. Kwa hesabu aliyoitumia mshairi, na waliyoitumia waliosikiliza utenzi wake, ni mwaka mmoja. Mrima na Unguja zilitwaliwa ndani ya mwaka mmoja, kabla Muharram nyingine haijaandama. Mtoto anayeonyeshwa mistari miwili sambamba, wa mwezi juu na wa jua chini, atayaona hayo mwenyewe bila kuhubiriwa. Anayepewa mmoja tu, hata uwe sahihi namna gani, hatayaona.

Mstari wa tatu ungeweza kuongezwa na wapendao: ule wa Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 uliogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, ambao mabaharia na wakulima waliutumia kujua kusi na kaskazi, na ambao Makunduchi bado huukaribisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mtoto wa Feri si mgeni wa hesabu za namna hiyo. Anayekaa karibu na mnada wa samaki anajua bamvua na maji mafu kabla hajajua miezi ya Kizungu, kwa sababu baba au jirani anarudi na kapu lililojaa au tupu kwa kufuata hayo. Wakati kwake unarudi. Chati inamwambia kwamba wakati hauna marejeo. Yote mawili ni kweli, na si lazima amwage moja ili apokee jingine.

Zanzibar katika chati hizi ni suala linalostahili kusemwa waziwazi katika jarida la visiwani. Ukizisoma kwa utaratibu, Zanzibar hutokea mara tatu. Hutokea Seyyid Said anapohamishia makao yake hapa. Hutokea mwaka 1873, soko la watumwa linapofungwa. Na hutokea 1964. Baina ya mara hizo kisiwa huzama. Hakuna mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896, ambayo haikuchukua hata saa moja. Hakuna mwaka 1897, ilipoondolewa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, ingawa huo ndio uliowagusa waliokuwa tayari mashambani, kwani mkataba wa 1873 ulihusu biashara na haukuhusu hali ya mtumwa. Wala hakuna mwaka 1922, utumwa ulipokomeshwa Tanganyika chini ya Waingereza. Mtoto anayeuona 1873 peke yake ataamini kwamba utumwa ulikuwa jambo la kisiwa na ulikwisha kwa siku moja. Anayeiona miaka yote mitatu ikifuatana ataelewa kwamba ulikuwa jambo la pwani na bara pamoja, na kwamba wapo waliosubiri nusu karne baada ya soko kufungwa. Ni somo zito kwa mtoto. Lakini uzito wake hautokani na namba kuwa tatu badala ya moja.

Tarehe nyingine inayoruka ni 10 Disemba 1963, siku Zanzibar ilipopata uhuru kutoka kwa Mwingereza chini ya Sultan Jamshid. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yalitokea Mapinduzi. Wapo wanaoiacha ya kwanza kwa kuwa hawaihesabu kuwa uhuru, na wapo, hasa katika nyumba za Muscat na za Ulaya ambako familia nyingi zilikimbilia, wanaoiandika ya kwanza kwa herufi kubwa na kuipitia ya pili kwa haraka. Wote wawili wanamwandalia mtoto aibu ileile, ya siku atakapokutana na binamu yake aliyefunzwa kwa chati ya upande wa pili. Utenzi wa vita huwataja majeruhi wa pande zote hata pale mtunzi anapokuwa na upande wake, na Hemedi el Buhriy, ambaye hakuwa na mapenzi na Wadachi, hakuona haja ya kuwafuta ili wasionekane. Tarehe zote mbili ziandikwe kwa kalamu moja na ukubwa mmoja. Maelezo yatakuja kwa kinywa cha mzazi, na mzazi atasema atakalolisema.

Kwa sababu, baada ya yote, mwalimu wa chati hii ni mzazi. Tanzania elimu ya msingi imekuwa ya lazima tangu Sheria ya Elimu ya 1978, na wachache sana ni watoto wanaosomea nyumbani tu. Mafunzo ya nyumbani ni ya jioni, ya likizo, ya siku za mvua. Ilikuwa hivyo hadi Machi 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya korona na kubaki zimefungwa hadi mwishoni mwa Juni, ndipo nyumba nyingi zikagundua kwamba ukutani hamna kitu, au kuna chati moja ya marais. Na sasa mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa hivyo chati zitachapwa kwa wingi zaidi. Mzazi atachagua. Pwani haiwezi kudai kwamba jambo hili ni geni. Mwana Kupona, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimfundisha binti yake nyumbani kwa utenzi, na huenda hapana kitabu cha skuli cha Afrika Mashariki kilichosomwa kwa muda mrefu kama somo hilo la mama mmoja kwa mwanawe. Yeye mwenyewe, kwa kweli, ndiye wa kwanza ambaye chati yenye marais watupu ingepaswa kumwingiza. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sauti yake, ndiye wa pili. Mtoto wa kike anayetafuta jina linalofanana na lake katika chati za Feri hutafuta sana, na akibahatika humkuta Bibi Titi Mohamed.

Ni umbo gani basi linalofaa? Karatasi iliyochapwa ina uzuri wa bei na rangi, na haipaswi kudharauliwa. Lakini haiwezi kusogezwa, na hapo sarafu za Mtambwe zimeshaihukumu. Uingereza, katika skuli za majumbani zilizofuata nyayo za Charlotte Mason, walitumia daftari la karne: kila karne kurasa mbili zinazotazamana, moja ya maneno na moja ya michoro, na mtoto hulijaza kwa miaka mingi mpaka linakuwa lake. Daftari hilo ni jema kwa mtoto mkubwa, na linamfaa anayependa kuchora. Ubaya wake ni kwamba karne zote ni sawa kwa upana, na linafungwa. Linapofungwa hakuna anayeliona. Bora kuliko yote, kwa nyumba ya kawaida, ni kamba. Kamba ya katani kama ile ya ngalawa, ifungwe kutoka dirisha hadi mlango, na kadi zitundikwe kwa vibanio vya nguo, vile vile vya mchuuzi wa chati. Mafundo yafungwe kila sentimita kumi kwa karne moja. Chini ya kamba ya kwanza ipite ya pili yenye miaka ya Hijria. Kadi huandikwa na mtoto mwenyewe, kwa mwandiko wake mbaya. Kitu kikigunduliwa, kibanio kinasogezwa, na mtoto anashuhudia historia ikisahihishwa na mkono wake.

Tenzi zinahitaji kadi mbili kila mmoja, na kosa hili hufanywa hata na wasomi. Utendi wa Tambuka unasimulia safari ya Tabuk ya mwaka wa 9 wa Hijria, sawa na 630, lakini uliandikwa kwa Kiswahili huko Pate mwaka 1728. Uko wapi katika kamba? Uko pote pawili, na kati ya kadi hizo mbili pana mita moja na sentimita kumi za kamba. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert una miaka yake katika jina lake, 1939 hata 1945, ila ulichapwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mshairi kufariki. Mtoto akiuliza kwa nini shairi moja liwe na sehemu mbili, ameuliza swali la uhakiki, na hakuna haja ya kulijibu siku hiyo hiyo.

Na kamba ianzie wapi? Chati zote huanzia mbali na kuja karibu. Kwa mtoto, kinyume chake ni sahihi zaidi: aanze kwenye fundo la mwisho, la mwaka wake wa kuzaliwa, kisha arudi. Feri imejaa vitu vya kurudia. Kwenye ufukwe wa Kivukoni lipo Boma la Kale, lililojengwa kwa matumbawe mnamo 1866 na 1867 kwa amri ya Sultan Majid, aliyeutaka mji huu na akafa mwaka 1870 kabla haujawa mji. Mbele kidogo kuna Ikulu, iliyojengwa upya na Waingereza baada ya jumba la gavana Mjerumani kupigwa na manowari zao mwaka 1914. Upande wa pili wa maji ni Kivukoni, chuo cha TANU cha mwaka 1961. Kariakoo, mwendo mfupi kwa miguu kutoka hapo, imebeba jina la kikosi cha wapagazi wa Kiingereza waliopiga kambi baada ya 1916, jina ambalo watu hulitamka kila siku bila kujua kwamba wanawataja wafu. Soko lake lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Bandarini, mwaka 1947, wachukuzi waligoma, na mgomo ukapanda reli hadi bara. Haya yote yamo ndani ya mwendo wa alasiri moja.

Sanamu ya Askari, ya mwaka 1927, inastahili kadi mbili kama utenzi. Wakati wa Wajerumani mji ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, yule yule aliyepigana na Bushiri. Waingereza walipoingia wakaiondoa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, na mwaka 1968 wanafunzi wa huko wakaiangusha. Chati huandika siku sanamu zinaposimama, na husahau siku zinapolala. Na kabla ya Boma, kabla ya Majid, palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi, cha Wazaramo na Mashomvi. Kadi yake haina mwaka wa kuanza. Iandikwe hivyo hivyo.

Lipo jambo ambalo wazazi watasita kulitundika. Kutoka bandari hii huondoka boti za Unguja, na wengi wanaozipanda huhesabu miaka yao kwa namna ambayo hakuna chati itakayoichapa: kabla ya Spice Islander na baada yake. Meli hiyo ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, ikazama Skagit, iliyotoka hapa Dar es Salaam. Kuna nyumba za Feri na za Wete zenye picha ukutani za waliokuwamo. Mtoto katika nyumba hiyo anaijua tarehe hiyo tayari, bila kufunzwa. Akikuta kamba yake imeiruka, ataelewa kwamba historia ni mambo ya watu wengine. Kadi iwepo, na jina la jamaa liwe juu yake, karibu kabisa na fundo la mwisho, pale mkono wa mtoto unapofika bila kusimama kwenye kiti.

Mwisho wa kamba upande wa pili, juu ya mlango, yupo Fumo Liyongo. Wataalamu wametofautiana juu yake kwa karne kadhaa, na ushahidi wa kukata maneno haupo. Mtoto ana haki ya kumtaka, kwa kuwa amesikia habari za kinara chake cha mishale na sindano ya shaba. Apewe kadi isiyo na namba, yenye vitone vya Priestley pembezoni, na kibanio kisichobana sana.